Kukulia lugha mbili hakukufanyi mkalimani

Wazazi wa hapa Arusha wakishajua kazi yangu, maneno huwa ni yaleyale: "Mwanangu Kiingereza anakimwaga kama maji, Kiswahili ndiyo chake. Si anaweza kuwa mkalimani?" Anaweza. Ila kabla ya kumpa moyo huwa nauliza: hicho Kiingereza anakiongelea wapi, na Kiswahili anaongea na nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya nyumba niliyokulia. Baba alikuwa Mganda, aliletwa Arusha na kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Ilipovunjika mwaka 1977, wenzake walifungasha wakarudi kwao. Yeye alikuwa ameshaoa Mmachame, akabaki. Kiswahili chake kilitosha kununulia sigara na kusalimia majirani pale Kijenge, basi. Kwa hiyo na baba tuliongea Kiingereza, na mama Kiswahili. Kichagga mama alikiweka kwa ajili ya dada zake, hasa walipotaka sisi watoto tusielewe, ndiyo maana tulikielewa mapema.

Watu walituona tuna lugha mbili kamili. Hatukuwa nazo. Kiingereza kilikuwa cha redio, magazeti, siasa za Kampala na hesabu za shule. Kiswahili kilikuwa cha jikoni, cha ugonjwa, cha misiba, cha kukopa na kudaiwa. Ningeweza kukueleza kwa Kiingereza mfumuko wa bei unatokana na nini, lakini usiniulize kwa lugha hiyo mtori unapikwaje, au mfiwa unamwambia nini ukifika mlangoni kwake. Na hilo la mfumuko wa bei kwa Kiswahili? Ningebabaika.

Mwanaisimu François Grosjean, ambaye ameandika mengi kuhusu watu wa lugha mbili, anasema ndivyo walivyo karibu wote: kila lugha wanaipata na kuitumia kwa shughuli fulani, mahali fulani, na watu fulani. Anakataa pia ile picha ya kwamba mtu wa lugha mbili ni watu wawili wa lugha mojamoja waliowekwa ndani ya mwili mmoja. Nilipomsoma nilipumua. Shule zetu nazo zinakaza mgawanyo huohuo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Matokeo yake utakuta mhasibu hodari ambaye hawezi kumweleza mama yake mzazi anafanya nini ofisini.

Kwenye taaluma yetu lugha za mkalimani hupangwa kwa herufi. A ni lugha mama, B ni ile unayoweza kuizungumza kikazi ingawa si ya kuzaliwa, C ni ile unayoielewa vizuri sana lakini unatafsiri kutoka kwayo tu, huzungumzi kwayo kikazi. Chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, AIIC, kilichoanzishwa mwaka 1953, kinatumia mpangilio huo na soko zima limeufuata. Waliokulia lugha mbili hukimbilia kujiandikia A mbili. Nikiona A mbili kwenye wasifu wa kijana wa miaka ishirini na kitu, hapohapo natilia shaka. Mara nyingi ni B mbili nzuri, na hilo lina dawa.

Niwaambie kinachotokea kibandani, pale mkalimani anapokaa na kutafsiri hapohapo mzungumzaji akiendelea kusema, maana hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapoishiwa nguvu. Mzungumzaji wa Kiingereza anapenda kuanza na sifa: kitu ni kipya, ni cha kikanda, kimesubiriwa miaka, kinagharamiwa na nchi wanachama, halafu jina la hicho kitu linakuja mwisho wa foleni. Kiswahili kinataka jina kwanza. Bila jina hujui useme mpya, kipya au jipya. Na yeye hakungoji. Una njia mbili. Ya kwanza ni kunyamaza sekunde chache, sifa zikirundikana kichwani, na ukizidisha unazidondosha. Ya pili ni kutanguliza jina pana: "kuna jambo jipya, la kikanda, lililosubiriwa miaka", kisha jina halisi likifika unalipachika: "nalo ni mfuko wa maafa". Wanaokusikiliza kwenye vipokea sauti hawagundui. Mimi napendelea hiyo ya pili, ingawa wapo wenzangu wanaoiona ni ya kizembe.

Mtoto wa lugha mbili hajawahi kukutana na shida hiyo, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeongea huku anasikiliza.

Halafu kuna tarakimu. Mtu anataja kwa Kiingereza mia tatu na hamsini ya maelfu, wewe uzungumze laki tatu na nusu. Mwenyekiti anasema kikao kitarejea saa mbili mchana kwa saa ya Kizungu, wewe useme saa nane, na hapohapo amerukia kifungu kingine. Ndiyo maana tunakaa wawili, tukipokezana kila nusu saa hivi. Ambaye hayuko kwenye mikrofoni hakai tu: anaandika kila namba kwa maandishi makubwa kwenye karatasi na kuisogeza mbele ya mwenzake. Ukipangiwa na mtu anayechati wakati wa zamu yako, utajua tofauti.

Arusha ina bahati katika kazi hii. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa, kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Kazi zake zilikwenda kwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wakisema Kinyarwanda. Mji ukazoea kuona wakalimani kama watu wa taaluma. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mwaka huohuo sheria yetu ikakifanya Kiswahili lugha ya mahakama nchini, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi. Karatasini tumeshinda. Nyaraka za mikutano bado naletewa kwa Kiingereza peke yake, tena usiku wa kuamkia mkutano.

Kijana anayetaka kuziba mapengo yake namwelekeza kwenye bajeti. Mwezi Juni waziri wetu wa fedha anasoma hotuba Dodoma kwa Kiswahili, na kwa kawaida Nairobi na Kampala wanasoma za kwao kwa Kiingereza. Mada ni zilezile: kodi, nakisi, deni la taifa, ushuru wa bia. Sikiliza ya Dodoma ukirudia kila neno kwa Kiswahili nyuma ya waziri, kisha ya Nairobi kwa Kiingereza, ndipo uanze kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Inachosha kuliko unavyodhani.

Wapo watu wa lugha mbili ambao hakuna anayewauliza kuhusu kazi. Binti wa Longido au Monduli mwenye Kimasai na Kiswahili anakuja hospitali na bibi yake, na ghafla anawekwa katikati yake na daktari, aulize mambo ya uzazi ambayo mjukuu hapaswi kumuuliza bibi. Bibi ataficha. Daktari ataandika kilichosemwa. Mahakamani na kwenye mabaraza ya ardhi upo uhitaji uleule, na anayeitwa mara nyingi ni yeyote aliye karibu. Ukiwa na lugha hizo mbili, jifunze kuandika vidokezo kwa kifupi wakati mtu anaongea, jifunze majina ya viungo vya mwili na magonjwa pande zote mbili, na zoea kusema kwa nafsi ya kwanza: bibi akisema "naumwa hapa", wewe sema "naumwa hapa", usiseme "anasema anaumwa". Kiingereza kwa kazi hiyo hutaulizwa.