Kuunganisha safu ya tarehe na safu ya saa katika R

Data nyingi hufika katika R, lugha ya programu ya kuchambua data, zikiwa na safu mbili: moja ya tarehe, nyingine ya saa. Kwa macho zinasomeka vizuri. Ila ukipanga vipimo kwa safu ya saa peke yake, kipimo cha 00:10 kitatangulia kile cha 23:50 cha usiku wa jana yake. Kuunganisha ni kuzifanya safu hizo kuwa wakati mmoja kamili, unaoweza kupangwa na kufanyiwa hesabu.

Wengi huishia kwenye `paste(tarehe, saa)`, inayobandika maandishi mawili pamoja. Hapo unapata "2024-03-01 14:30", ambayo bado ni maandishi tu; jaribu kutoa moja kwenye jingine, R itagoma. Kazi yenyewe inafanyika hapa:

`as.POSIXct(paste(tarehe, saa), format = "%Y-%m-%d %H:%M", tz = "UTC")`

Sasa wakati huo umekuwa namba: 1709303400. Hizo ni sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC (saa ya marejeo ya kimataifa). Hakiki mwenyewe: hadi tarehe 1 Machi 2024 zimepita siku 19783, zidisha kwa sekunde 86400 za siku, kisha ongeza sekunde 52200 za kufikia 14:30. Ndiyo maana kutafuta muda uliopita kati ya vipimo viwili ni suala la kutoa tu.

Kuwa makini sana na `format`, yaani maelezo ya jinsi maandishi yalivyopangwa. `%m` ni mwezi, `%M` ni dakika. Ukizipishanisha, 14:15 itakupa NA (alama ya R ya thamani inayokosekana), na hiyo ni nafuu kwa sababu utaiona. Lakini 14:05 ya tarehe 1 Machi itapita kimyakimya na kugeuka tarehe 1 Mei, saa 14:03.

Usiache `tz` pia. Usipoitaja, R huchukua ukanda wa saa wa kompyuta husika, hivyo faili moja likisomwa kwenye mashine mbili zenye kanda tofauti hutoa nyakati mbili tofauti. Taja ukanda ambao data ilirekodiwa, si ule unaokaa wewe.

Wakati mwingine saa huja kama namba tupu: 905 badala ya 09:05, au 5 badala ya 00:05. Zijaze sifuri kwanza kwa `sprintf("%04d", saa)`, kisha tumia `%H%M`. Ukimaliza, endesha `sum(is.na(wakati))` na ulinganishe na idadi ya NA zilizokuwepo kabla ya kuunganisha.