Je, wajua kwa nini wasio na bunduki huanza kwa kudai mapigano yasitishwe?

Julai 2003, mjini Accra, Ghana. Wajumbe wa serikali ya Liberia na wa makundi mawili ya waasi, LURD na MODEL, wamekuwa kwenye mazungumzo tangu mapema Juni bila kuelewana, na huku nyumbani makombora yanaangukia Monrovia. Nje ya ukumbi, wanawake wa Liberia waliovaa nguo nyeupe wameketi sakafuni, wameshikana mikono na kuuziba mlango. Hatoki mtu, wanasema, mpaka mpatane. Walinzi wanapokuja kumkamata kiongozi wao, Leymah Gbowee, anaanza kujivua nguo. Katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi, mama akijivua nguo mbele ya wanaume kwa uchungu, anawaachia laana. Walinzi wanarudi nyuma. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliyewahi kuongoza Nigeria, anatoka kuwasikiliza. Tarehe 18 Agosti mwaka huohuo mkataba wa amani ukatiwa saini.

Wanawake hao walikuwa wameanza miezi michache kabla, wakikaa kwenye jua na mvua karibu na soko la samaki mjini Monrovia, Wakristo na Waislamu pamoja. Madai yao yalikuwa mafupi mno: mapigano yasitishwe, pande zote zikutane, na jeshi la kulinda amani liletwe. Hawakutaja nani awe rais.

Ufupi huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapozuka popote, haichukui siku nyingi kabla makanisa, misikiti, vyama vya wanawake, wanasheria, madaktari na wanafunzi hawajatoa tamko, na tamko hilo karibu kila mara husema mambo mawili: sitisheni mapigano, walindeni raia. Wapo wanaolisoma na kuliona dogo. Watu wanakufa, kwa nini wasidai amani yenyewe, au haki?

Kwa sababu amani ina maswali ambayo hayajibiki chini ya mizinga: nani atawale, nani ashtakiwe, ardhi ni ya nani, wapiganaji waende wapi. Kusitisha mapigano hakumlazimu mtu kukiri kosa wala kuacha dai lake. Kila upande unabaki pale ulipo, na silaha zake mkononi, ila hazilii. Tena ni jambo linalopimika. Unaweza kutaja saa ya kuanza, eneo, barabara itakayofunguliwa, na siku ngapi. Mkuu wa kikosi anaweza kulikataa, lakini hawezi kusema hakulielewa.

Huko El Salvador mwaka 1985, vita vikiwa vimepamba moto, UNICEF na Kanisa Katoliki walizungumza na pande zote mbili wakapata siku tatu za utulivu ili watoto wachanjwe. Hakuna aliyeombwa kumsamehe adui yake. Siku hizo zikarudiwa mwaka baada ya mwaka, ingawa vita vyenyewe havikwisha mpaka 1992. Nchini Sudan mwaka 1995, Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alipata usitishaji wa karibu miezi sita ili wahudumu wa afya wawafikie watu waliosumbuliwa na minyoo ya Guinea. Mtoto aliyechanjwa siku hizo alichanjwa kwelikweli, hata kama bunduki zilirudi kulia kesho yake.

Ombi la pili, la kulinda raia, lina mizizi katika sheria, na hapa ndipo asasi za kiraia zinapokuwa na silaha yao. Serikali nyingi hupenda kusema kwamba vita vya ndani ni mambo ya ndani. Lakini Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 ina Kifungu cha 3, kilekile katika yote minne, kilichoandikwa mahsusi kwa vita visivyo vya nchi na nchi. Kinawabana serikali na waasi kwa pamoja. Asiyepigana, pamoja na aliyeweka silaha chini, mgonjwa na majeruhi, hapaswi kuuawa, kuteswa, kufanywa mateka wala kudhalilishwa. Majeruhi wakusanywe na kutibiwa, wa upande wowote wawe.

Kifungu hicho kinamalizia kwa sentensi ambayo wasuluhishi wanaipenda sana: kukitekeleza hakubadilishi hadhi ya kisheria ya pande zinazopigana. Hofu kubwa ya serikali ni kwamba ikikaa meza moja na waasi itakuwa imewatambua. Sentensi hiyo inaondoa kisingizio hicho. Ndiyo maana tarehe 11 Mei 2023, wiki chache baada ya vita kuanza Khartoum, jeshi la Sudan na wanamgambo wa RSF waliweza kutia saini mjini Jeddah tamko la kuwalinda raia, lenye maneno ya wazi kwamba halibadilishi hadhi ya yeyote. Walilivunja, na raia wa Sudan wamelipa gharama isiyosemeka. Hata hivyo saini zile zipo, na kila anayedai hospitali isipigwe leo anadai kitu ambacho wenye bunduki walikwisha kukikubali kwa mkono wao.

Kwa nini basi mtu mwenye kifaru amsikilize muuza samaki? Mara nyingi hamsikilizi, tusidanganyane. Anapomsikiliza, huwa ni kwa sababu muuza samaki yule hawanii kiti chake, anajulikana pande zote mbili, na pengine mpiganaji ni mwanawe au mpwa wake. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa koo zilizokuwa zinauana walianzia sokoni: walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo hizo wakafikia maafikiano yanayojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Wazee peke yao walikuwa wameshindwa. Wanawake nao wasingeweza kuwafunga wapiganaji kwa kauli yao tu. Kila kundi lilikuwa na mlango wake wa kuingilia.

Udhaifu wa usitishaji ni kwamba unaweza kutumiwa kupumzisha askari na kujaza risasi. Liberia ilikwisha kuuona kabla ya siku ile ya mlangoni: makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini tarehe 17 Juni 2003, na muda si muda Monrovia ikawa inapigwa tena, kwa kuwa hapakuwa na wa kusimama katikati. Wanajeshi wa Afrika Magharibi walipoingia mwezi Agosti ndipo mji ukaanza kuvuta pumzi.

Katika kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, raia hawakutaka kuwaachia wanajeshi peke yao kazi ya kuangalia nani kavunja ahadi. Mwaka 2003, serikali na kundi la waasi wa Kiislamu la MILF wakiwa na makubaliano ya kusitisha mapigano yaliyokuwa yakivunjika mara kwa mara, wanakijiji na wanaharakati waliunda Bantay Ceasefire, na neno bantay maana yake ni kulinda au kuangalia. Waislamu, Wakristo na wenyeji wa asili wa kisiwa hicho walikwenda palipotokea mapigano, wakauliza nani alianza, familia ngapi zimehama, askari wamesogea mpaka wapi, kisha wakawapelekea wakuu wa pande zote mbili ripoti moja.