Krimu zenye rangi: soma namba za nyuma kabla ya kuchagua

Mwenye madoa meusi mashavuni akiingia duka la vipodozi hukutana na rafu nzima ya krimu za rangi ya ngozi: BB, CC, losheni ya kulainisha yenye rangi, losheni ya jua yenye rangi, fondesheni. Majina haya ni ya kibiashara tu. BB ya kampuni moja huweza kuwa nzito kuliko fondesheni ya kampuni nyingine, kwa hiyo herufi za mbele ya chupa hazitoshi kukuongoza. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, jambo la kwanza la kujua ni rangi hiyo imetengenezwa na nini.

Jua hutupiga kwa mionzi ya urujuanimno tusiyoiona, yaani UVA na UVB, na pia kwa mwanga tunaouona. Namba ya SPF hupima kinga dhidi ya kuungua, kunakoletwa zaidi na UVB. Haielezi chochote kuhusu mwanga unaoonekana. Mwanga huo, hasa sehemu yake ya zambarau na bluu, huziamsha seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, na athari yake ni kubwa kwenye ngozi yenye rangi kuliko kwenye ngozi nyeupe. Ndiyo sababu mtu mwenye melasma, yale madoa ya kahawia ya mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo yanayowapata wengi wakati wa ujauzito, anaweza kupaka SPF 50 kila asubuhi na madoa yakabaki palepale. Losheni inayopotea machoni baada ya kupakwa inaupitisha mwanga unaoonekana. Ingekuwa inauzuia, tungeiona usoni. Kioo cha dirisha nacho huupitisha, pamoja na sehemu kubwa ya UVA, kwa hiyo dereva na anayekaa karibu na dirisha ofisini hawajasalimika. Mwanga wa simu ni mdogo mno kulinganisha na wa jua, huo usikusumbue.

Kinachouzuia mwanga huo ni oksidi za chuma, madini ya ukoo mmoja na kutu, yanayosafishwa kwa matumizi ya vipodozi. Kwenye orodha ya viambato huandikwa “Iron Oxides” au kwa namba: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni njano, CI 77499 ni nyeusi. Tafuta zote tatu, kwa sababu mchanganyiko wake huzuia vizuri zaidi na ndio unaotoa rangi ya kahawia ya kweli. CI 77891 ni titani dioksidi, na hiyo ni nyeupe. Krimu iliyojaa hiyo na yenye oksidi chache za chuma ndiyo inayowaacha watu weusi na uso wa kijivu, kana kwamba wamepakwa jivu. Orodha hiyo ina upungufu mmoja: rangi huruhusiwa kuandikwa mwishoni bila kufuata wingi wake, hivyo kuona namba hakukuambii kiasi kilichomo. Tumia jicho. Tandaza tone juu ya kovu dogo la mkononi. Kovu likionekana kama kabla, oksidi zilizomo ni chache.

Sasa turudi kwenye rafu. Mwenye melasma, au madoa yaliyoachwa na chunusi, aanze na losheni ya jua yenye rangi: SPF 30 au zaidi, yenye alama ya UVA ndani ya duara au PA+++ na kuendelea, ambazo zote huonyesha kinga dhidi ya UVA. Fondesheni ina oksidi nyingi na hufunika vizuri, ila SPF yake usiitegemee peke yake, kwani hupakwa nyembamba. BB ilianzia Ujerumani katika miaka ya 1960, Christine Schrammek alipotafuta cha kufunika na kutuliza ngozi iliyotoka kuchubuliwa kwa matibabu, kisha ikapata umaarufu mkubwa Korea Kusini. Tatizo lake kwetu ni uhaba wa rangi: nyingi huja kwa rangi chache, na iliyokoza kuliko zote bado ni nyepesi kwa wengi wetu. CC ni ya kusawazisha rangi. Ya kijani imekusudiwa wekundu wa ngozi nyeupe na kwetu hupausha. Kwa doa jeusi chukua yenye rangi ya machungwa. Losheni ya kulainisha yenye rangi inamfaa mwenye ngozi kavu isiyo na madoa.

Kiasi ndipo wengi wanapokosea. SPF hupimwa maabara kwa miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa uso na shingo hiyo ni kama nusu kijiko cha chai, au mistari miwili iliyokamuliwa kwenye urefu wa vidole viwili. Hakuna anayepaka nusu kijiko cha BB, uso ungeonekana kama umefunikwa barakoa. Kwa hiyo paka kwanza losheni ya jua isiyo na rangi kwa kipimo hicho, subiri dakika 5 hadi 10 ishike, ndipo upake ya rangi juu yake kwa kugusagusa bila kusugua. SPF hazijumlishwi: 30 na 20 hazifanyi 50. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa 2, na mapema zaidi ukitoka jasho.

Usitangulize mafuta ya mgando. Rangi huteleza juu yake, na kufikia mchana imejikusanya kwenye mikunjo ya pua na kuacha mabaka. Krimu ikitoka vipande vidogo kama uchafu wa kifutio, tabaka la chini halikukauka au lilizidi. Rangi ijaribie kwenye taya, nje ya duka penye mwanga wa mchana, kisha subiri dakika 15, maana zingine hukoza zikikutana na mafuta ya ngozi. Jioni usiisugue kwa dodoki: msuguano nao huleta weusi. Iyeyushe kwa mafuta ya kusafishia uso, kisha nawa kwa sabuni laini.

Kagua pia kama kuna “Hydroquinone” (haidrokwinoni), “Mercury” au “Calomel” (zebaki), “Clobetasol” au “Betamethasone” (dawa kali za steroidi), hasa krimu ikiahidi kukung'arisha. Mashirika ya viwango, TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya, yamepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Chupa isiyo na orodha ya viambato iache dukani. Kama umekuwa ukitumia krimu ya steroidi kwa miezi, usiifunike kwa rangi na usiiache ghafla. Muone daktari wa ngozi akupangie namna ya kuipunguza.

Kwa mwenye ualbino, krimu ya rangi si mbadala wa losheni ya jua. Aina ya Kilisun, iliyoanzia hospitali ya KCMC mjini Moshi, ilibuniwa kwa ajili yake. Apake hiyo kwanza kwa kipimo kamili, masikio na shingo vikiwemo, avae kofia pana na mikono mirefu, na rangi aiongeze juu akipenda.