Filamu fupi kuhusu familia ya wahamiaji: dhana zinazoharibu skripti

Ukisoma skripti za vijana wetu walio ughaibuni utakutana na baba yuleyule: mkali, hacheki, anapiga meza. Pembeni yake yupo binti mwenye jinzi iliyochanika magotini, na mwishoni lazima mlango ubamizwe. Mwandishi amekulia Louisville, Toronto au London, na ukimuuliza kama kwao mambo yalikwenda hivyo atakujibu hapana. Yaliyotokea kwao anayajua vizuri. Tatizo ni kwamba akishika kalamu anaandika yale aliyoyaona kwenye muvi za wengine.

Nitachukua mfano mmoja: familia ya Wakongo iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ikapelekwa Louisville, jimbo la Kentucky. Familia za namna hiyo ni nyingi Marekani, na ugomvi wao unasemwa kwa Kiswahili.

“Ugomvi wote ni wa mila”

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Eti wazazi wameng'ang'ania mila, watoto wamegeuka Wazungu, basi filamu imepatikana. Mila zipo, sikatai. Lakini mabinti wamefokewa kwa sababu ya mavazi hata Kigoma kwenyewe, bila kupanda ndege. Kama ndilo jambo pekee lililomo kwenye skripti, basi ugenini hapajaandikwa.

Anzia kwenye ratiba ya nyumba. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani kwa mpango wa serikali alipewa msaada wa mwanzo na shirika la kumpokea kwa siku 30 hadi 90. Zikiisha, kodi ya nyumba ni juu yake. Kazi zinazopatikana upesi kwa asiyejua Kiingereza ni za viwanda vya nyama, maghala ya mizigo na usafi wa hoteli. Baba anachukua zamu ya usiku na mama ya mchana, ili watoto wasikose mtu mzima wa kubaki nao. Wanapishana mlangoni, mmoja anavua koti, mwingine anavaa. Ndoa inaweza kuchoka kwa hilo tu, bila mtu kumkosea mwenzake.

Halafu kuna nauli. Walio nyumbani wengi hudhani mkimbizi alipewa tiketi ya bure. Tiketi ile ni mkopo usio na riba unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na marejesho huanza takriban miezi sita baada ya kufika. Familia ya watu wanane inaweza kudaiwa maelfu ya dola kabla haijanunua godoro lake la kwanza.

Barua za deni hilo zinakuja kwa Kiingereza, na anayezisoma ni mtoto wa darasa la sita. Mtoto aliyeshika lugha mapema kuliko wazazi anageuka karani wa nyumba. Ndiye anayepigia kampuni ya umeme na kujaza fomu za shule, na ndiye anayekaa katikati ya mama na daktari akifasiri mambo ambayo hakupaswa kuyasikia. Kanuni ya Marekani ya 2016 ilizikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Lakini sebuleni, simu ikilia, hakuna kanuni. (Na mtoto akiitwa shuleni kwa utundu, mara nyingine yeye mwenyewe ndiye anayewafasiria wazazi malalamiko ya mwalimu. Mtu anaweza kutengeneza kichekesho kizima hapo, na sijui kwa nini hawatengenezi.)

Hivyo ndivyo mamlaka yanavyomtoka baba. Hakuna aliyevunja adabu, binti bado anapiga goti akisalimia wageni, ila kila mtu nyumbani anajua nani anasikilizwa na ulimwengu wa nje.

“Bila kelele mtazamaji hataona kwamba wamegombana”

Jaribu onyesho hili. Saa tisa alasiri, pazia limefungwa kwa vibanio vya nguo ili jua lisiingie. Baba amelala kwenye kochi, viatu vya kazi bado miguuni. Binti anarudi kutoka shule na bahasha mkononi, anaifungua, anasoma amesimama.

“Wanasemaje?” baba anauliza, macho yamefumbwa.

“Wanasalimia tu, Papa.”

Anaikunja barua na kuichomeka kwenye daftari la hesabu. Jioni mama anatoka kazini, anatafuta kalamu, anafungua daftari lile. Kiingereza hajui, lakini tarakimu anazijua. Anaitazama namba iliyo chini ya ukurasa, anamtazama binti, kisha anasema: “Osha vyombo.”

Hakuna aliyepaza sauti, na mtazamaji ameshaelewa nani anamficha nani, na kwa nini. Pengine ameelewa pia kwamba mama hatamwambia baba, na hapo siri imepata mwenyewe wa pili.

Wenye familia za kwetu wanajua kwamba hasira nzito haisemwi uso kwa uso. Mama aliyenuna humpitishia mkubwa ujumbe kwa mdogo: “Mwambie kaka yako chakula kipo.” Kaka amekaa hatua mbili kutoka hapo. Kwa kamera hilo ni zawadi, maana watu watatu wanaingia kwenye shoti moja na kila mmoja ana la kufanya. Mwigizaji anayepiga kelele hukupa uso wake tu.

Anayetaka ushahidi aangalie *Bao*, katuni ya Domee Shi ya mwaka 2018, kuhusu mama wa Kichina aliyehamia Kanada na mwanawe anayemponyoka. Ina dakika nane hivi, haina mazungumzo hata kidogo, na ilipata Oscar mwaka 2019.

“Filamu fupi ni filamu ndefu iliyopunguzwa”

Dhana hii huzaa skripti inayoanza na vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, ikapita Nyarugusu, usaili, ndege, theluji, ugomvi, hospitali, na msamaha, kwa dakika kumi na mbili. Kwa hesabu ya watengenezaji, ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Gawanya mwenyewe uone vita vimepata sekunde ngapi.

Oscar huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Shindano la filamu fupi la tamasha la Cannes, Ufaransa, lina kikomo cha dakika 15. Lakini kikomo si lengo. Waandaaji wa matamasha hupanga filamu fupi kadhaa ndani ya kikao kimoja, na yako ikiwa na dakika 28 inakalia nafasi ya mbili au tatu za wengine. Lazima iwe nzuri kuzishinda zote.

Chagua siku moja, ikiwezekana mchana mmoja. Yaliyopita yaingie kwa vitu vilivyomo nyumbani. Wakimbizi wengi wamesafiri na mfuko wa plastiki wenye nembo ya IOM, umejaa makaratasi yote ya familia, na miaka baadaye mfuko huo bado uko juu ya kabati kwa sababu hakuna anayethubutu kuutupa. Ukimwonyesha baba akiushusha, hutahitaji onyesho la uwanja wa ndege wala sauti ya kusimulia kambi ilivyokuwa.

“Familia ni waliomo ndani ya nyumba”

Hapa ndipo skripti nyingi huacha utajiri wote nje. Familia ya mhamiaji ina viti vitupu, na waliopaswa kuvikalia wanapiga simu.

Kwanza ni pesa. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024, na hizo ni zile zilizopita njia rasmi. Nyuma ya kila muamala kuna mazungumzo. Shangazi hasemi anataka pesa, anasema paa linavuja na mvua ndiyo hii. Ukikubali, anaongeza: “Weka na ya kutolea.” Mke amesikia yote akiwa jikoni. Hela ya kiatu cha mtoto imekwenda kwenye paa la nyumba ambayo mtoto huyo hajawahi kuiona.

Pili ni waliokataliwa au kukwama. Mwaka 2008 Marekani ilianza kuwapima vinasaba, DNA, jijini Nairobi watu walioomba kuungana na ndugu zao wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Kesi ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika zilikuwa chini ya asilimia 20; katika nyingine angalau mtu mmoja hakulingana, au watu hawakutaka kupimwa. Njia ile ya maombi ikasimamishwa hadi 2012, na ilipofunguliwa vipimo vikawa sharti. Udanganyifu ulikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini yeyote aliyekulia kwetu anajua pia watoto wa marehemu kaka wanaolelewa kama wa kuzaa, wakaandikwa hivyo kambini, wakaitana ndugu bila nyongeza. Maabara haina kisanduku cha mtoto huyo. Fikiria kijana anayebaki kambini kwa sababu damu haikulingana, na dada “wa damu” anayekwenda shule Kentucky. Wakiongea kwa simu wanaongea nini?

Januari 2025 mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, na watu waliokwisha kupangiwa ndege wakabaki walipo. Anayeandika leo hana haja ya kubuni kizuizi.

Angalizo dogo la kiufundi kwa maonyesho ya simu: Kigoma ikiwa saa moja asubuhi, Louisville ni saa sita usiku wakati wa kiangazi, na saa tano usiku wakati wa baridi. Nimeona filamu ambamo jua limewaka utosini pande zote mbili. Mhamiaji yeyote ataikamata mara moja, kwa sababu hesabu hiyo anaifanya kila siku. Tena itumie: simu ya asubuhi ya bibi inamkuta baba kwenye mapumziko ya zamu, kofia ya plastiki kichwani, mashine zinaunguruma nyuma yake, naye anasema yuko salama, amepumzika tu.

“Mwigizaji yeyote wa Kiswahili atafaa”

Hafai. Baba wa Bukavu anayeongea kama mtangazaji wa Dar es Salaam anachekesha kabla hajafungua kinywa mara ya pili. Kwao atasema “batoto”, atasema “niko nakula”, na Kifaransa kitachungulia kila akitaja ofisi. Watoto watamjibu kwa Kiingereza huku wakimwelewa kila neno. Ukipata mwigizaji mzuri wa Mombasa na humpati wa Kivu, ni afadhali ubadilishe asili ya familia kwenye skripti kuliko kumlazimisha aigize lafudhi.

“Kikubwa ni kamera”

Simu nzuri inatosha. Kinachoua filamu za nyumbani ni sauti, hasa hizi za minong'ono na kununa, ambazo kila pumzi ina maana. Zima friji kabla ya kushuti, na weka funguo za gari ndani yake ili usisahau kuiwasha ukiondoka. Rekodi pia ukimya wa chumba kwa nusu dakika hivi, mhariri atakushukuru. Kuhusu ule wimbo wa rumba unaopigwa redioni wakati mama anapika: unahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Kama huna, mwambie mama aimbe pambio la zamani ambalo halina mwenyewe, au aende kimya.

“Ni hadithi yangu, sihitaji ruhusa ya mtu”

Hadithi ya familia ina wenyewe wengi. Kubadilisha majina hakutoshi kama umeacha kijiji, idadi ya watoto na kovu la shavuni, kwa sababu watu wa kambini watamtambua mtu kwa mambo hayo matatu. Ikiwa kuna ndugu ambaye maombi yake ya hifadhi bado yako mezani, usichukue chochote kutoka kwenye kesi yake. Umebadilisha tarehe ili onyesho lipendeze, lakini anayechunguza maombi hawezi kujua kwamba ni wewe uliyebadilisha na si yeye. Na walio nyuma, karibu na waliowafukuza wengine, hawana ulinzi wa Kentucky.

Hoja ya kuwaigizisha wazazi wenyewe ina mvuto wake, kwa kuwa hakuna anayekunja barua kama anayezipokea. Lakini baba anayeombwa arudie mara sita onyesho la yeye kudharauliwa hafanyi tena sanaa, anafanya adhabu. Mpe nafasi ya jirani, mpe ile ya mchungaji.

Waonyeshe filamu wakati uhariri haujafungwa, kabla ya tamasha lolote. Usishangae wakipita kwenye ugomvi wote bila neno, kisha mama akasimamia jambo ambalo hukulitegemea: vile vyombo vichafu kwenye sinki, watu wa Nyarugusu watasemaje? Hilo linaondoka kwa shoti moja. Jina la kijiji lililotamkwa katikati ya machozi halikatiki kirahisi hivyo, kwa hiyo liulizie mapema, wakati bado liko kwenye karatasi.