Kumfungia mraibu wa pombe chumbani si tiba

Mtaani Nyalenda, Kisumu, kama kwingineko, utasikia: mfungie ndani, atatetemeka, atatapika, kisha atapona. Kwa aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka, ushauri huo unaweza kumuua. Ubongo uliozoea pombe ukiikosa ghafla huchachamaa. Mikono hutetemeka baada ya saa chache. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2, kisha homa, jasho jingi na kuona watu wasiokuwepo. Akifika hapo, mkimbizeni hospitali. Huko hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, kipimo kikipunguzwa taratibu, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Ushauri nasaha hufuata, nao huchukua miezi. Jamani, pigeni 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na kabla ya kulipa kituo chochote cha kutibu waraibu, ombeni kuona leseni yake.