Kinga za akili: mtu anajidanganya na wala hajui

Wengi wakisikia habari za kinga za akili, yaani njia ambazo akili inajikinga na jambo linalouma, wanadhani ni uongo tu, yaani mtu anaujua ukweli ila anauficha. Siyo hivyo. Muongo anajua anadanganya, mwenye kinga hajui kabisa, na ukimwambia atakushangaa au atawaka, maana kazi yote inafanyika huko chini asikofika mwenyewe.

Wazo ni la Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alianza kuandika kuhusu kujihami kwa akili tangu 1894, halafu 1923 akaja na ule mgawanyo maarufu wa akili sehemu tatu, idi, ego na supaego. Idi ni tamaa, inataka sasa hivi, haina cha subiri. Supaego ni makatazo ya wazazi na jamii ambayo yamekuingia tangu utotoni, inakusuta hata kwa kuwaza tu. Ego, ile sehemu inayoamua, ipo katikati inavutwa huku na huku, mvutano ukizidi mtu anashikwa na wasiwasi, sasa ili wasiwasi upungue ego inapindisha mambo kidogo, na huko kupindisha ndo kinga yenyewe. (Usiende kuzitafuta hizo sehemu tatu kwenye picha ya ubongo, hazipo, ni namna ya kuelezea tu.)

Aliyezichambua kinga hizi vizuri ni binti yake, Anna Freud, kwenye kitabu chake cha 1936. Kuna kusukumia chini, jambo linauma mpaka linapotea kwenye kumbukumbu. Kuna kukana, mtu kapewa majibu ya vipimo na anaendelea na mipango kama vile hajasikia kitu. Kuhamishia hasira kwa asiyehusika hiyo mnaijua, bosi kakufokea, mtoto ndo anakoma.

Ila kiboko ni kumbambikia mwenzako hisia zako. Mtu anamchukia mdogo wake, lakini kumchukia ndugu ni jambo asiloweza kulikubali moyoni, basi linageuka: "mdogo wangu ananichukia". Anaanza kukusanya ushahidi, leo kanisalimia nusunusu, jana kanikata jicho, na ushahidi unapatikana kweli kwa sababu ukiishi na mtu kama adui naye anabadilika! Mwingine mwenye chuki ileile anakimbilia upande wa pili, sifa na zawadi kila siku mpaka anaboa.

Lakini siyo zote mbaya. Mwaka 1977 George Vaillant, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alizipanga kwa ukomavu, kubambikia ikawa huku chini, juu kabisa akaweka utani na kule kuugeuza msukumo uwe kazi ya maana, kwa mfano mwenye hasira kuishia kwenye ndondi.

Mwanafalsafa Karl Popper aliipinga saikoanalisia, yaani nadharia na tiba hii ya Freud, kwamba imejengwa hivi kwamba haiwezi kuonekana imekosea, na hapo naona ana hoja, maana mgonjwa akikubali umepatia, akikataa unasema si unaona anajihami. Ndo maana mtaalamu makini hakurupuki siku ya kwanza kumwambia mtu "unakana", anasubiri aone jambo lilelile likijirudia, kazini, nyumbani, na mara nyingi hata kwa mtaalamu mwenyewe pale mgonjwa anapoanza kumnunia kama anavyomnunia baba yake.