Kufuta picha kwenye programu: kinachofutwa ni nini hasa?

Mtu anafuta picha mia kadhaa, kisha akiangalia nafasi ya diski anakuta haijaongezeka. Mwingine anafuta picha leo, kesho anaikuta imerudi palepale. Wa tatu kila akibonyeza kufuta anaambiwa haiwezekani. Mara nyingi chanzo ni kimoja: picha unayoiona kwenye programu ya kupanga picha na faili lililoko kwenye diski ni vitu viwili tofauti.

Programu kama Lightroom Classic na digiKam hutumia katalogi. Hiyo ni hifadhidata inayotunza kumbukumbu za kila picha: faili liko folda gani, picha ilipigwa lini, umeipa nyota ngapi, imo kwenye albamu zipi. Katalogi ya Lightroom Classic ni faili ambalo jina lake huishia na .lrcat, na picha zenyewe hazimo ndani yake. Kwa hiyo ukifuta, swali la kwanza ni hili: umefuta kumbukumbu au umefuta faili?

Ukiwa ndani ya folda kwenye Lightroom Classic, ukibonyeza kitufe cha Delete utaulizwa uchague: kuiondoa picha kwenye programu tu, au kulifuta faili kwenye diski. Wengi huchagua la kwanza kwa haraka, faili likabaki linakula nafasi bila wao kujua. Ukiwa ndani ya mkusanyiko, yaani albamu uliyoitengeneza mwenyewe, kitufe hichohicho huitoa picha kwenye albamu hiyo tu. Katalogi bado inayo, na diski bado inalo faili.

Kinyume chake pia hutokea. Ukifuta faili moja kwa moja kwenye folda, nje ya programu, katalogi haina habari. Kijipicha kinaendelea kuonekana, kikiwa na alama kwamba faili halipatikani. Hapo hakuna kilichoharibika; iondoe kumbukumbu iliyobaki, au urudishe faili kama ulilifuta kwa bahati mbaya.

Halafu kuna tupio, yaani mahali vilivyofutwa husubiri kabla ya kuondolewa kabisa. Picha iliyofutwa kwenye Google Photos hukaa humo siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa kwenye wingu, na siku 30 kama haikuwa. digiKam huweka taka zake kwenye folda iliyofichwa iitwayo .dtrash, kwenye diski ileile yenye picha. Usipomwaga tupio, nafasi haiongezeki.

Picha inayorudi huwa imerudishwa na kitu. Huenda uliondoa kumbukumbu tu, na programu ilipokagua folda ikalikuta faili na kulisajili upya. Au kuna usawazishaji: simu au kompyuta nyingine bado ina nakala na inairudisha. Simamisha usawazishaji kwanza, ndipo ufute.

Programu ikikataa kabisa kufuta, angalia kama faili limefunguliwa kwingine, kama limewekwa lisomwe tu, au kama akaunti yako haina ruhusa kwenye folda hiyo. Kwenye kadi ya SD, tazama kile kiswichi kidogo cha pembeni. Kikiwa upande wa kufunga, kompyuta haitafuta kitu.

Njia nzuri ya kupata jibu ni kujaribu na picha moja usiyoihitaji. Ibofye kwa kitufe cha kulia, uiambie programu ikuonyeshe faili lilipo. Acha folda hiyo wazi, rudi kwenye programu, futa, kisha tazama folda. Faili likibaki, uliondoa kumbukumbu tu. Likitoweka, litafute kwenye tupio. Angalia pia kama kuna mengine yenye jina lilelile: kamera inayopiga RAW (picha ghafi) na JPEG (picha ya kawaida iliyobanwa) kwa pamoja hutoa mafaili mawili, na programu inaweza kukuonyesha kama picha moja. Faili la .xmp, linalobeba marekebisho yako, nalo linaweza kuachwa nyuma.

Jaribio hilo lifanye hasa kama picha zako ziko kwenye diski ya mtandao, yaani iliyo kwenye kifaa kingine unachokifikia kupitia mtandao. Kwenye Windows, faili linalofutwa huko kwa kawaida halipitii tupio la kompyuta. Linaondoka moja kwa moja, na usipokuwa na nakala nyingine huenda usilipate tena.